Miwa Hii Imelala

Saa tisa kasoro usiku, ndani ya joto la jengo la kupikia sukari, fundi wangu aliingiza kijiti cha shaba kwenye tundu la pani, akakizungusha, akakichomoa. Nchani palikuwa na tone la uji mzito wa rangi ya asali. Akalipaka kwenye kipande cha kioo, akakiinua mbele ya taa, akafumba jicho moja, kisha akasema maneno matatu: "Miwa hii imelala."

Mimi nilikuwa na miezi minne kazini na cheti cha ufundi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Nikadhani mzee anatania. Nilikuwa nimezitazama geji zote: joto sawa, mvuke sawa, vakyumu sawa. Alipoona nimetoa macho akanipa kile kioo. "Tazama punje. Za jana zilikuwa za mraba kama dadu. Hizi je?" Nikatazama. Zilikuwa zimerefuka kama mchele. "Kuna tela zilikaa uwanjani siku mbili tatu. Piga simu mizani, uliza."

Nikapiga. Karani wa mizani alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza nani kanieleza. Winchi ya kushushia miwa ilikuwa imeharibika, na tela kadhaa zilizojaa miwa iliyochomwa siku tatu kabla ndizo zilizoanza kuingizwa kinuni mchana ule.

Sababu yake niliisoma baadaye sana. Muwa ukishachomwa na kukatwa haungoji mtu. Bakteria waitwao Leuconostoc huingia kwenye jeraha la panga, wakala sukari na kutoa utelezi unaoitwa dekstrani. Utelezi huo hufanya shira iwe nzito, na hushikilia baadhi ya nyuso za punje zisikue, basi punje hukua upande mmoja tu na kurefuka. Fundi wangu hakuwahi kulisikia neno dekstrani. Alikuwa na darasa la saba. Katika karatasi za mshahara aliandikwa mwendesha mtambo daraja la tatu, na juu yake palikuwa na vijana sita wa daraja la pili, nikiwemo mimi muda si mrefu baadaye.

Nimekuwa kwenye sukari miaka 24 sasa. Kiwanda sikitaji, maana nitakayoyasema mengine ni ya aibu, na mengine ya aibu yangu mwenyewe. Siku hizi kazi yangu ni kufundisha waendesha mitambo. Miaka michache iliyopita meneja aliniita akasema, wazee wengi wanastaafu, niandikie orodha ya wataalamu wetu kabla hawajaondoka. Nikaenda utumishi. Wakanipa orodha nzuri, imepangwa kwa miaka ya kazi na vyeti. Fundi wa miwa iliyolala alikuwa wa kumi na tisa.

Kwenye ile orodha, wa pili kutoka juu alikuwa bwana mmoja mwenye miaka 22 ya pani. Ni mtu mwema, hachelewi zamu. Lakini alipika kila pani kama alivyopika ya kwanza, dakika kwa dakika, iwe shira imetoka kwenye miwa ya jana au ya wiki iliyopita. Mambo yakienda sawa ungedhani ni bingwa. Yakienda kombo alisimama kando akasubiri mtu.

Nikaiweka ile orodha mezani, nikazunguka kiwandani na swali moja, nikimuuliza kila mtu peke yake: usiku wa manane mtambo wako ukigoma na msimamizi hashiki simu, unampigia nani? Watu arobaini na kitu. Walinitajia majina saba tu, yakijirudia. Mawili yalinishtua. Moja lilikuwa la mama mmoja wa kituo cha chokaa aliyeandikwa msaidizi, nitamrudia. La pili, lililotajwa kuliko yote, lilikuwa la yule fundi wangu.

Ili uelewe kwa nini alitajwa, inabidi uijue pani. Ni sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa pande zote, yetu moja huchukua kama tani 40. Ndani yake hewa imenyonywa, kwa sababu shira ikichemshwa kwenye hewa ya kawaida, kama wanavyofanya wapika sukari guru, joto hupita nyuzi 110 na rangi huwa ya kahawia. Mwingereza Edward Charles Howard alipata hataza ya kupika kwenye chombo kilichonyonywa hewa mwaka 1813, na tangu hapo kanuni haijabadilika: ukiondoa hewa, shira huchemka kwenye nyuzi 65 hivi na sukari inabaki na rangi yake. Mpikaji huikausha shira mpaka ibebe sukari kuliko uwezo wake wa kawaida. Hapo huipandikiza mbegu, vumbi laini la sukari lililosagwa ndani ya spiriti, na mbegu zile zinaanza kuvuta sukari na kukua. Kuanzia hapo kazi ni kulisha na kuvizia. Ukiiacha shira nyepesi mno, punje zinayeyuka. Ukiibana mno, zinazaliwa punje nyingine ambazo hukuzipanda, ndogondogo kama vumbi, katikati ya zile kubwa. Hizo sisi tuliziita punje haramu.

Punje haramu ni balaa. Uji wa pani, tunaouita masikwiti, hupelekwa kwenye ngoma zinazozunguka kwa kasi zenye matundu madogo, sukari inabaki ndani na molasi inarushwa nje. Vumbi lile huziba njia, molasi haitoki, unaosha kwa maji mengi, maji yanaondoka na sukari. Na sukari iliyokwenda na molasi ya mwisho ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika kiwanda cha miwa. Hakuna anayeiiba. Inapita mlangoni kwa matangi, imepimwa na kutiwa saini.

Msimu wangu wa pili nilikabidhiwa pani peke yangu. Usiku mmoja pampu ya maji ya kondensa, ile inayoshikilia vakyumu, ikazima. Mshale wa vakyumu ukaanza kushuka, kutoka sentimita 65 za zebaki kuelekea 55, na joto likapanda mpaka karibu nyuzi 78. Nikapiga kelele, watu wa pampu wakakimbia, wakawasha ya akiba. Mshale ukaanza kupanda. Nilifurahi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi na kuchukua kioo, katikati ya punje zangu palikuwa na ukungu wa vumbi. Zamu nzima ilipotea tukiiyeyusha ile pani.

Sikuelewa nilikosea wapi mpaka mwaka uliofuata, jambo lile lile lilipompata fundi mbele ya macho yangu. Pampu ilipozima sisi wote tulikimbilia pampu. Yeye alipunguza mvuke, akaenda akasimama, mkono juu ya vali ya maji ya pani, akingoja. Nikamwuliza anangoja nini na vakyumu inaanguka. "Kuanguka si neno," akasema. "Ngoja irudi." Mshale ulipoanza kupanda, sisi tukishangilia, yeye akafungua maji kidogo, akafunga, akatazama dirishani jinsi uji unavyobingirika, akafungua tena.

Vakyumu ikianguka, joto linapanda, na shira yenye joto inabeba sukari nyingi zaidi. Kwa muda ule hakuna kinachozaliwa. Hatari ipo mshale unaporudi: joto linashuka ghafla, maji yanaruka kuwa mvuke kwa mkupuo, na shira iliyokuwa imetulia inajikuta imebeba mzigo isiouweza. Hapo ndipo vumbi linapozaliwa, wakati kila geji inarudi mahali pake na kila mtu anapumua. Wengine wote tulikuwa tunatazama mshale ulipo. Yeye alikuwa anatazama unakokwenda na utakachokifanya ukifika.

Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu wa namna hii unajuaje, anakujibu "Utajua tu." Miaka ile nilidhani ni choyo, mafundi wanaficha siri ili wasiachishwe kazi. Wengine huficha kweli. Lakini fundi wangu hakuwa mchoyo, alikuwa hajui kwamba anajua. Kwake yeye punje zilizorefuka zinaonekana tu, kama wewe unavyoona mwanao ana homa kabla hujamgusa.

Nilichojifunza baadaye ni kubadili swali. Mmarekani John Flanagan aliandika mwaka 1954 juu ya kukusanya maarifa kwa kuwauliza watu matukio halisi, mbinu iliyotokana na kazi yake na marubani wa vita, na Gary Klein miaka ya 1980 aliwauliza makamanda wa zimamoto hivyohivyo. Alikuta kwamba hawapimi njia mbili tatu halafu wachague. Wanaiona hali, inawakumbusha nyingine, na mkono tayari unatenda. Kwa hiyo sikumuuliza fundi namna ya kupika pani. Nilimwomba anisimulie usiku uliomtisha kuliko yote. Alisimulia kwa dakika tano. Kisha nikamrudisha mwanzo: hapo ulisema ulishtuka, uliona nini? Ulisikia nini? Ningekuwa mimi, mwaka wangu wa kwanza, ningefanya nini hapo? Swali la mwisho ndilo lililofungua mlango. Mtu asiyejua kueleza anachojua huwa hodari sana wa kueleza unavyokosea. Dakika tano zikawa saa mbili na nusu, na daftari likajaa.

Sasa yule mama wa chokaa. Kituo chake ni cha kusafishia juisi: inatiwa chokaa, inapashwa moto kupita nyuzi 100, tope linatuama chini, juu inabaki juisi safi yenye pH inayokaribia 7. Chokaa ikipungua juisi inakuwa na ukungu na sukari inaanza kuvunjika kwa uchachu. Ikizidi, juisi inakuwa nyeusi na mabomba yanaota magamba. Kuna kipimo cha umeme kinachosoma pH na kuipa mashine amri ya kuongeza au kupunguza chokaa.

Siku niliyokwenda kumwona alikuwa anagombana na fundi wa vipimo. Anataka kipimo kitolewe kioshwe. Kijana anamwonyesha skrini: 7.2, ndicho kiwango tulichopanga, kuna ubaya gani?

"Mwanangu," akamwambia, "kimekaa saba nukta mbili tangu asubuhi. Miwa imebadilika mara mbili, chokaa wameikoroga upya, chenyewe kimetulia kama picha ukutani. Kitu kilicho hai hakitulii hivyo." Akainua gilasi ndefu ya juisi kwenye mwanga. "Hii ilikuwa chai nyepesi. Sasa hivi ni chai iliyokolea."

Kipimo kilipotolewa kilikuwa kimevaa gamba kama yai. Tangu siku ile nawafundisha vijana kwamba si lazima geji ionyeshe kitu kibaya ndipo ushtuke. Wakati mwingine kibaya ni kwamba haionyeshi kitu. Na si sukari tu. Machi 23, 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara mmoja uliendelea kujazwa mafuta wakati kipimo cha kina kikionyesha kwamba kinashuka polepole. Mnara ulifurika, mvuke wa mafuta ukashika moto, watu 15 wakafa na wengine 180 wakaumia. Mmoja wa waliokuwa kwenye skrini alikuwa amefanya kazi siku 29 mfululizo, saa 12 kila siku. Nawasomea vijana habari ile polepole, halafu nawauliza: nani kati yenu angemwita yule mama?

Mtu kama yeye hapatikani kwa kungoja miaka ipite. Hapa nina ugomvi na namna tunavyofundisha viwandani karibu kote nilikopita. Kijana anakaa nyuma ya fundi, anatazama, na baada ya muda anahesabiwa amejua. Lakini fikiria pani. Kupika moja ya daraja la kwanza huchukua saa tatu au nne. Ile ya daraja la mwisho huchukua zaidi, na masikwiti yake hupozwa siku nzima au zaidi kabla ya kufika kwenye ngoma. Kijana anakosea saa nne usiku, anatoka zamu saa sita, kosa linaonekana kesho mchana kwenye zamu ya mtu mwingine, anayelilaani na kulisafisha. Kijana hajui kama alikosea. Kesho anarudia. Unaweza kupika hivyo miaka 22.

Basi nikaanzisha daftari la makisio, daftari la shule la kurasa 48, hakuna zaidi. Kabla ya kuanza pani, mwanafunzi anaandika: mbegu nitaitia saa ngapi, pani itabana wapi, itashuka saa ngapi, punje zitakuwaje. Kisha, na hapa ndipo waliponichukia, anatakiwa kuifuata pani yake mpaka kwenye ngoma, hata kama ni baada ya zamu, aone kwa macho yake molasi inavyotoka, aandike kilichotokea kando ya alichokisia. Mwezi wa kwanza makisio ni vichekesho. Kufikia mwezi wa nne unaanza kuona nani ana jicho: kuna mtu ambaye kosa lake linapungua, na kuna mtu ambaye kila mara ana sababu, mvuke ulikuwa mdogo, maabara wamechelewesha. Huyo wa pili huwa namwonea huruma lakini simpi pani.

Nayo kompyuta? Imefika, na simkatai mgeni. Siku hizi pani zetu kadhaa zinajipika, vijana wamekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi wakitazama mistari. Ikienda vizuri inapika sawasawa kuliko binadamu aliyechoka. Ila Lisanne Bainbridge, mtafiti wa Uingereza, aliandika mwaka 1983 jambo ambalo ningependa libandikwe mlangoni mwa chumba kile: mashine ikichukua kazi rahisi, inamwachia mtu ile ngumu tu, na wakati huohuo inamnyang'anya mazoezi ambayo yangemwezesha kuifanya. Kompyuta yetu ikishindwa haipigi hodi. Inakurudishia pani usiku, vakyumu imeanguka, na wewe hujashika kijiti tangu mwezi uliopita.

Niliomba kila kijana apike pani moja kwa mkono kila wiki, kompyuta ikiwa kando inatazama. Upande wa uzalishaji walinijia juu na hesabu za tani. Ubishi huo sijaushinda wote. Tumekubaliana moja kila wiki mbili, na si wakati wa mwisho wa msimu.

Suala la daraja nalo lilichukua miaka miwili ya vikao. Hatimaye kukawa na cheo cha fundi mkuu wa mtambo ambacho hakidai cheti, kinadai kuthibitishwa na wenzako na kusimulia matukio matatu mbele ya jopo. Mama wa chokaa alikipata, na nyongeza ya mshahara. Alipoulizwa tukio lake la kwanza aliliambia jopo lichukue gilasi ya maji ya kunywa iliyokuwa mezani, liiinue kwenye mwanga, na kabla hawajamaliza kushangaa alikuwa ameshaanza kufundisha. Fundi wangu alistaafu miezi mitano kabla cheo hakijapitishwa, daraja la tatu.

Aliondoka na simu yake, na misimu miwili ya kwanza ilikuwa ikiita usiku. Mkewe aliniambia hakuwa akiuliza geji inasema nini. Aliuliza, "Inasikikaje?" na kijana wa upande wa pili alilazimika kuisogeza simu kwenye dirisha la pani.

Msimu uliopita haikuita. Nilikwenda kumsalimia mvua za masika zilipokatika, nikamkuta chini ya mwembe. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Mmeniacha mbona?" Nikampa daftari la binti mmoja anayeshika zamu ya usiku sasa, yule ambaye kufikia mwezi wake wa nne sote tuliona ana jicho. Alilishika mbali na macho, akafunua kurasa bila haraka, akafika usiku ambao pampu ya kondensa ilizima. Binti ameandika: imeanguka mpaka 54, nimepunguza mvuke, nimesimama kwenye maji nikingoja irudi. Chini yake, kwa wino mwingine, matokeo ya ngoma: vumbi kidogo sana.

Mzee alikisoma kipande kile mara mbili.

"Maji," akasema, "amechelewa kidogo kuyafungua."

Akafunua ukurasa uliofuata.